Hivi komando kupitishiwa risasi za moto mazoezini ni mafunzo au ni mbwembwe?

#1 Kobe wa Manzese
Wakuu salaam. Jana kijiweni ulizuka ubishi, mpaka sasa sijaumaliza kichwani. Jamaa mmoja anashikilia kwamba komando hapikwi akaiva bila risasi za moto kumpita karibu na sikio. Mfano wake ni SAS wa Uingereza. Kwamba wana jengo lao kule Hereford wanaliita Nyumba ya Kuulia, askari mmoja anakalishwa kitini kama mateka, taa zinazimwa, wenzake wanavunja mlango na kumimina risasi halisi kwenye sanamu za magaidi zilizopangwa kushoto na kulia kwake. Risasi zikiisha anainuka anajifuta vumbi.

Mimi nikamwambia huo ni wehu wenye bajeti. Fundi umeme humpimi kwa kumshikisha waya wenye moto. Si kuna risasi baridi, zile za mlio tu? Si siku hizi kuna mitambo ya kuigiza? Binamu yangu ana ndoto za kwenda jeshini, mama yake akisikia habari za hiyo nyumba atamficha cheti. Wenye uelewa naombeni mnisaidie: faida ipo kweli, au ni ubabe tu wa wanaume?

#2 Chai ya Rangi
Nimevuta kigoda, karanga ninazo. Wajuzi shukeni.

#3 Msumari wa Moto
Hiyo ya SAS cha mtoto. Wafaransa wa GIGN ndiyo hatari. Kule huhitimu mpaka mwenzako akupige risasi ya kifua. Ukifa basi hukufuzu.

#4 Kitabu Wazi
#3 umeongeza chumvi mpaka mboga imekuwa chungu. Zoezi lipo, wao huliita shuti la kuaminiana. Anayesimama mbele amevaa fulana ya kuzuia risasi, na juu ya fulana pamefungwa kisahani cha udongo kama kile cha walenga shabaha. Mwenzake analenga kisahani kwa bastola. Hata akipiga, risasi inaishia kwenye fulana. Na halifanywi siku ya kwanza na mtu aliyeshika silaha wiki jana, linakuja baada ya miezi ya mafunzo. GIGN ni kikosi cha tangu 1974, na mwanzilishi wake Christian Prouteau aliona mtu anayekwenda kuokoa mateka lazima ajue mambo mawili: kwamba silaha yake inaweza kuua mwenzake, na kwamba mwenzake anamwamini hata hivyo.

Kama njia yao inafaa au haifai, sijui utapimaje. Ila tarehe 26 Desemba 1994 pale Marignane waliingia kwenye ndege ya Air France iliyotekwa, wakaua watekaji wote 4, na hakuna abiria aliyekufa katika uvamizi ule. Watatu walikuwa wameshauawa kabla, Algiers.

#5 Mzee Kwata
Vijana, marahaba kwa wote. Mimi nimevaa gwanda miaka mingi, sitasema wapi wala kikosi gani, msinichimbe.

Risasi baridi inafundisha vidole. Haifundishi masikio. Bunduki ikifyatuliwa kutoka mbali kukuelekea, unasikia milio miwili. Wa kwanza ni mkali kama fimbo kavu inavunjwa karibu na uso, *pa!* Huo ni wa risasi yenyewe, kwa sababu inakwenda mbio kuliko sauti. Baadaye unakuja mzito wa bunduki, *tum*. Kuruti anageukia ule wa kwanza, na ule unamdanganya, haumwonyeshi bunduki iko wapi. Aliyezoea anausubiri wa pili, na kwa nafasi iliyopo kati ya *pa* na *tum* anakadiria adui yuko umbali gani. Sasa niambie, hilo utalifundisha kwa risasi baridi ambayo haina kitu kinachoruka? Kwa kaseti?

Siku yangu ya kwanza kutambaa chini ya risasi, bunduki ya rashasha imefungwa kwenye kigingi isishuke, inapiga juu yetu. Afande alisema ziko juu sana hata mkichuchumaa. Hakuna aliyechuchumaa. Nilitambaa hivi kwamba vifungo vya shati vilibaki mchangani. Ganda la moto la SMG (bunduki) ya jirani yangu wa kushoto liliwahi kuniingia kwenye kola siku nyingine, kovu ninalo shingoni. Sikio la kulia halisikii vizuri mpaka leo. Ila sijutii.

#6 Chai ya Rangi
Mzee vifungo vimebaki mchangani 😂 Hii chai ina tangawizi lakini naipenda.

#7 Binti wa Kalenga
Asante mzee wetu, ila tusisikilize upande wa waliorudi tu. Waliokufa hawaandiki humu.

Novemba 5, 1992, kambi ya Tze'elim, jangwa la Negev, Israeli. Sayeret Matkal, kikosi cha Waisraeli ambacho kila mtu hapa akitaja makomandoo anakianza, walikuwa wanajiandaa kumuua Saddam Hussein. Mpango wa mazoezi ulikuwa na awamu mbili. Ya kwanza kavu: askari wanaigiza Saddam na msafara wake, wanatembea, hakuna kupiga. Ya pili: watu wanaondoka, yanawekwa masanamu, linarushwa kombora halisi. Wapigaji wakadhani wameshafika awamu ya pili. Kombora likawapata wenzao waliokuwa wanaigiza. Walikufa 5. Mkuu wa majeshi wa wakati ule, Ehud Barak, alikuwepo hapohapo. Mpango wa Saddam ukafutwa.

Na si mara ya kwanza kosa la aina hiyo. Aprili 13, 1942, Imber, Uingereza, rubani wa Hurricane kwenye maonyesho ya mashambulizi alidhani watazamaji ndio masanamu. Wakafa 25, wakajeruhiwa 71. Miaka 50 kati ya tukio na tukio, na kosa ni lilelile: mtu kuonekana sanamu. Sasa kile kiti cha #1, mateka halisi katikati ya sanamu, mnaona kinavyonitisha?

#8 Mzee Kwata
Binti nakuheshimu. Lakini umejijibu. Tze'elim haikuua risasi ya moto, iliua ratiba. Sisi tulifundishwa zoezi kavu na zoezi la moto havilali kitanda kimoja. Unamaliza kavu, silaha zinakaguliwa, mifuko inapekuliwa, magazini zinahesabiwa, ndipo risasi zinatolewa kwenye boksi. Waliochanganya walikuwa wakubwa wenye haraka.

#9 Binti wa Kalenga
Mzee, "iliua ratiba" ndiyo hoja yangu. Na risasi baridi, ratiba ikikosewa watu wanacheka. Na ya moto, wanazikwa.

#10 Chai ya Rangi
Mpira kwapani. Refa nani?

#11 Mbongo wa Birmingham
Nipo UK mwaka wa kumi na kitu. Wazee wa hapa bado wanasimulia ubalozi wa Iran uliotekwa London, Mei 1980, walikuwa wanaangalia mpira wa meza kwenye TV, matangazo yakakatwa, wakaona SAS waliovaa nyeusi tii wanashuka na kamba. Dakika 17 kazi imekwisha, magaidi wote wamelala, mateka wote wametoka salama. Ile Nyumba ya Kuulia ndiyo ilizaa zile dakika 17. Mjadala ufungwe.

#12 Kitabu Wazi
Usifunge kwanza. Ni snuka ile, si mpira wa meza. Magaidi walikuwa 6, waliuawa 5, mmoja alitoka hai akafungwa. Mateka mmoja aliuawa kabla ya uvamizi, ndiyo iliyosababisha waingie, na mwingine akauawa wakati wa uvamizi. Waliotolewa siku ile ni 19. Kazi kubwa, lakini si "wote salama".

Na kuna jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita haraka. Siku ile mambo yaliharibika mapema. Komando mmoja alinasa kwenye kamba nyuma ya jengo, kioo kikavunjwa kabla ya wakati, mapazia yakashika moto, yule aliyenasa akaungua akiwa ananing'inia. Mpango ulikufa dakika ya kwanza, wakaendelea bila mpango. Ndiyo sababu mimi naona faida ya lile jengo ni kuzoea kufanya kazi ya millimita huku moshi na kelele vimejaa. Mtu ambaye ameshapiga risasi mara elfu kadhaa kwenye chumba chenye mtu hai, hajiulizi tena kidole chake kiko wapi.

#13 Nanyuki Kwetu
Hamjambo ndugu zangu wa Bongo. Mimi ni wa Laikipia, jirani na BATUK, kambi ya mafunzo ya jeshi la Uingereza hapa Kenya, milio ya mizinga tumelala nayo tangu utoto.

Kitu kimoja. Nyinyi mnahesabu askari waliokufa mazoezini. Huku kwetu waliolipuliwa walikuwa wachungaji. Archers Post na Dol Dol, bomu lilifyatuliwa, halikulipuka, jeshi likaenda nyumbani, miaka baadaye mtoto akaliokota akidhani ni chuma tu. Kesi ilipelekwa Uingereza na mwaka 2002 wizara yao ya ulinzi ikakubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 200. Hizo pesa hazikurudisha mkono wa mtu. Kwa hivyo swali la huyu Kobe lina mlango wa tatu: ni salama kwa nani?

Pili, Westgate, lile duka kubwa la Nairobi lililovamiwa na magaidi Septemba 2013. Watu 67 walikufa. Vijana wa Recce, kikosi maalumu cha polisi wa GSU, walikuwa wameingia na kazi ilikuwa inaenda. Halafu jeshi likaja, na kwa ilivyoripotiwa sana, kamanda wa Recce aliuawa na risasi za upande wetu wenyewe. Wote walikuwa wanajua kupiga. Risasi zao za mazoezi zilikuwa za moto. Shida ilikuwa hawakujuana ndani ya moshi.

#14 Fundi Redio
#13 hapo umegusa mkate wangu. Kazi yangu ni mawasiliano. Makosa mengi mnayoyataja humu ni ya mawimbi. Vikosi viwili vinapiga shabaha kila siku kwenye reinji zao, halafu siku ya siku havina hata redio zinazosikilizana.

Delta Force, makomandoo wa Marekani chini ya Beckwith, walikuwa na nyumba yao ya kupigia, walipiga mpaka mabega yakavimba. Aprili 1980 wakaenda Iran kuokoa mateka Wamarekani. Hawakufika hata kwenye jengo. Helikopta zilipungua kwa kuharibika, na wakati wa kuondoka jangwani helikopta moja ikagonga ndege ya mafuta, wakafa 8. Marubani, makomandoo na wale wa ndege hawakuwahi kufanya zoezi zima pamoja, mwanzo hadi mwisho. Shabaha haikuwa na kosa lolote usiku ule.

#15 Msumari wa Moto
Lakini Mogadishu 1977 ilikubali. GSG 9 wa Ujerumani, ndege ya Lufthansa iliyotekwa, abiria 86 wakatoka hai. Hapo mnasemaje?

#16 Kitabu Wazi
Kweli, Oktoba 18. Na SAS wawili walikuwepo na mabomu yao ya kushtua. Hii naikubali bila marekebisho, Msumari leo umelala vizuri.

#17 Mlinzi wa Doha
Wadau mimi si komando, nafanya ulinzi huku Ghuba, lakini kabla ya kuajiriwa tulipitishwa mafunzo ya vyumbani kwa risasi za rangi. Ni bunduki halisi iliyobadilishwa, ndani inapiga kidonge cha rangi. Ikikupata pajani unaona nyota mchana, wiki nzima unalala upande mmoja.

Ninachotaka kusema: sanamu haijibu mapigo. Kwenye reinji ya moto nilikuwa mfalme, nasimama katikati ya mlango, kifua mbele, *pa pa*, napewa alama zote. Siku tuliyoingizwa kwa watu wenye rangi nilipigwa mara tano kabla ya kuona mtu. Palepale nilielewa mlango ni kaburi. Kwa hiyo risasi za moto zinaweza kukupa tabia mbaya ukajiona umeiva. Halafu mkufunzi anapanga kila hatua ili usipige mwenzako, unajua adui atatokea kona ipi. Hapo unacheza ngoma uliyoikariri.

#18 Mzee Kwata
Huyu wa Doha amesema kweli. Ila nimuulize, siku ile ya rangi uliogopa kufa?

#19 Mlinzi wa Doha
Niliogopa maumivu mzee. Kufa hapana.

#20 Mzee Kwata
Basi.

#21 Binti wa Kalenga
Basi nini? Kuogopa ndiyo somo? Kuna Mmarekani, S.L.A. Marshall, alidai mwaka 1947 kwamba kati ya askari wanne vitani, watatu hawapigi kabisa. Majeshi yakabadilisha shabaha za duara kuwa za umbo la mtu, zinazochomoza ghafla. Hapo hakuna aliyetishwa. Walizoeshwa mkono tu.

#22 Kitabu Wazi
Dada hesabu za Marshall zimeota mbawa. Mwanahistoria Roger Spiller alizitafuta mwaka 1988, hakukuta ushahidi kwamba zile takwimu ziliwahi kukusanywa. Sanamu za umbo la mtu zimebaki, lakini nguzo iliyozishikilia imeoza.

#23 Dada Plasta
Habarini. Mimi ni nesi, mume wangu mwanajeshi. Mnabishana kuhusu anayekufa siku moja, mimi nataka kuzungumzia wanaokufa polepole.

Kwanza risasi (madini). Ukipiga ndani ya jengo lisilo na feni za kutosha, vumbi la risasi unalivuta, linaingia damuni, na linabaki kwenye nguo. Askari anarudi nyumbani anambeba mtoto. Mtoto ndiye anayeumia zaidi. Nguo za reinji mimi nafua peke yake, na haziingii chumbani.

Pili vishindo. Wale wanaovunja milango kwa baruti wanapigwa na mgandamizo wa hewa mara mamia, kila mara kidogo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2016 ulikuta makovu ya namna yake kwenye ubongo wa wanajeshi waliokaa karibu na milipuko. Mtu anaanza kusahau, anagombana na mkewe, mnasema amerogwa.

Tatu masikio. Anayelenga kwa mkono wa kulia, kichwa kinainama kwenye kitako, sikio la kulia linajificha kidogo begani, la kushoto ndilo linaloelekea mdomo wa bunduki. Kwa hiyo linaloharibika zaidi mara nyingi ni la kushoto.

#24 Chai ya Rangi
Ngoja ngoja ngoja. #5 mzee alisema sikio gani?

#25 Msumari wa Moto
La KULIA 😂😂😂 Nimerudi kuhakiki. Mzee Kwata uko wapi, uzi umekuita.

#26 Mbongo wa Birmingham
Wakati tunamsubiri mzee: risasi zinatisha lakini angalieni mambo mengine. Julai 2013 milima ya Brecon, askari wa akiba watatu walikufa kwenye mchujo wa SAS. Hakuna risasi, ni joto na mwendo wa kilomita 26 na mzigo. Jirani yangu hapa mtaani alilia kama ni watoto wake.

#27 Kitabu Wazi
Na Marekani kati ya 2010 na 2019 magari ya kivita ya jeshi la nchi kavu na la Marines yalipata ajali 3,753 nje ya vita, wakafa 123. Dereva mchovu usiku bila taa. Hakuna anayefungua uzi kuhusu dereva.

#28 Nanyuki Kwetu
Dereva hana sinema bana.

#29 Kobe wa Manzese
Wakuu nashukuru, ila mmenichanganya zaidi ya nilivyokuja. Mzee anasema masikio na woga. Kitabu anasema kidole. Doha anasema inapotosha. Fundi anasema redio. Dada Plasta amenifanya nimwonee huruma mfua nguo. Jioni nikirudi kijiweni niseme nini?

#30 Fundi Redio
Sema risasi ni ghali. Seriously kaka, umewahi kujiuliza kwa nini nchi nyingine kuruti anapiga magazini moja tu anahitimu, na hao wa Hereford wanapiga kutwa? Ukiondoa hadithi zote, tofauti ya komando na askari wa kawaida inaweza kuwa idadi ya maganda yaliyoanguka miguuni mwake. Haihitaji mtu kukaa kwenye kiti.

#31 Binti wa Kalenga
Hii ya #30 ndiyo ya kwanza leo naiunga mkono. Pigeni risasi za moto mnavyotaka, mtoeni mtu kwenye kiti.

#32 Kitabu Wazi
Ukimtoa, mpigaji anajua hakuna wa kuumia, na kidole chake kinajua pia. Tumerudi #1.

#33 Mzee Kwata
Nilikuwa shamba. Naona mmefanya mahakama.

Mimi mashoto. Walijaribu kunihamisha mkono depo, nikawa nakosa hata mlima, wakaniacha.

#34 Chai ya Rangi
Hahaha mzee kachomoka! Dada Plasta njoo huku, mashoto sikio lake ni lipi?

#35 Dada Plasta
La kulia. Kaponea hapo.

#36 Msumari wa Moto
Mi sijakubali. Mashoto akishika SMG, maganda yanatoka upande wa kulia, yanampitia mbele ya uso. Mzee, kovu la ganda ulisema ni la jirani yako wa kushoto. La kwako mwenyewe halikuwahi kukupata hata siku moja?

#37 Mzee Kwata
Lilinipata. Mkono wa kulia, karibu na kiwiko. Picha siweki, mwanangu yumo humu, nimeona anavyoandika na sijapenda.

#38 Chai ya Rangi
😳 Msumari?